Nafsi na Mkono Uliokatwa

Neno nafsi, lililopokewa katika Kiswahili kutoka Kiarabu, limetwikwa mizigo miwili. Kwa watu wa dini ni roho au uhai wa mtu. Kwa wanasarufi ni yule asemaye, asemeshwaye au asemwaye. Wanafalsafa wa Ulaya, tangu karne ya 17, wameitafuta nafsi karibu daima kwa yule asemaye peke yake.

Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1637, alitilia shaka kila kitu, hata mwili wake, akaona kwamba kufikiri kwake tu hakuna shaka. Akahukumu kuwa yeye ni kitu kifikiricho, na mwili ni kitu kingine. John Locke alishika njia nyingine. Katika sura aliyoiongeza mwaka 1694, katika toleo la pili la kitabu chake juu ya akili ya binadamu, alifundisha kuwa nafsi ni ufahamu: mtu ni yule yule kadiri ufahamu wake ufikavyo katika matendo yake yaliyopita. Ndipo alipoleta mfano wa mkono. Maadamu mwenyewe ausikia joto na baridi yake, mkono ni sehemu ya nafsi yake; ukikatwa, ukatengwa na ufahamu huo, hauna tena uhusiano na nafsi kuliko kitu kingine cho chote. Hume, mwaka 1739, hakuona hata nafsi, bali fungu la hisia zipitazo upesi.

Mfano wa Locke ni wa mtu aliyeketi salama mezani pake. Katika nchi ya machimbo wasomeka vingine. Nyarugusu, katika Mkoa wa Geita, ni mahali pa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mtu huweza kuchimba miezi mingi asipate kitu, na jirani yake akapata kwa siku moja. Tofauti hiyo, ambayo jasho haliielezi, hutafutiwa sababu, na baadhi ya waganga wa Kanda ya Ziwa waliifanyia biashara. Katika mwaka wa 2007 na miaka iliyofuata, watu wenye ualbino waliuawa au kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo vyao huleta mali. Mitaani waliitwa "dili". Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alizifuta leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu, ikikaa Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe, wilaya iliyokuwa bado ya Mkoa wa Shinyanga.

Mnunuzi wa kiungo hakuwa mfuasi wa Locke. Yeye aliamini kuwa mkono uliokatwa bado una kitu cha mwenyewe, na kwa hicho alitoa fedha. Ila huyo mwenyewe hakumhesabu kuwa mtu. Ilisemwa hata kwamba watu hao hawafi, hupotea tu. Locke naye aliliita neno mtu neno la mahakama, lakini alimfikiria atendaye na kuadhibiwa, wala si atendwaye.

Hapa sarufi ya Kiswahili ina ushahidi wake. Husemwa "walimvunjia kiti", kwa kauli ya kutendea, maana kiti ni mali tu; lakini husemwa "walimvunja mguu", "walimkata mkono", bila kauli hiyo, na kiambishi -m- chamrejea mtu mzima. Aliyekatwa ni yeye. Mkono watajwa baadaye, kuonyesha mahali alipopatwa. Strawson, mwaka 1959, alifika karibu na hapo aliposema kuwa mtu ni dhana ya asili, ambayo mambo ya mwili na ya fikra husemwa juu yake pamoja, wala haikuunganishwa kwa vipande viwili.

Naye aliyeokoka, aulizwapo miaka mingi baadaye, mkono ukiwa umepotea kabisa, husema "walinikata mkono". Hasemi kuwa walikata kitu kilichokuwa chake.