Pumzi, Mabega na Kipindi cha P.E.

Yoga ikitajwa kwa shule za Eldoret, hakosekani mtu wa kuuliza: mbona tuwaletee watoto wetu mambo ya Wahindi? Anayeuliza hivyo huona kwamba mazoezi ya viungo yaliyopo shuleni ni ya kwetu. Si ya kwetu. Ile P.T. ya kupanga mistari, mikono juu, vuta pumzi, toa, ilikuja na shule za kikoloni, na Waingereza wenyewe waliiazima Sweden: mtaala wao wa 1909 ulifuata mfumo wa Pehr Henrik Ling. Mazoezi ya namna hiyo yalifika India pia. Mtafiti Mark Singleton, katika kitabu chake cha 2010, anashikilia kwamba yoga ya mikao ijulikanayo leo, kama ile aliyofundisha mwalimu Krishnamacharya kwenye kasri la Mysore miaka ya 1930, ilichota mengi katika jimnastiki ya Ulaya. Wanaompinga husema yoga ilimtangulia Ling kwa karne nyingi, na kuhusu pumzi na kutafakari sina la kuwajibu. Kwa mikao, hata hivyo, yoga na P.T. ni mabinamu.

Wala hakuna haja ya kwenda Mysore kutafuta mfano. Iten, takriban kilomita 35 kutoka Eldoret, Bruda Colm O'Connell aliwasili kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's, riadha haijui. Alichokuja kukazania ni mkao kabla ya kasi: mgongo wima, mabega yalegee, vidole visikunjwe ngumi, mkimbiaji ausikilize mwili wake. Kwa jina lingine, huo ni umakinifu. Peter Rono aliyetoka hapo alitwaa dhahabu ya mita 1500 Seoul mwaka 1988. David Rudisha, mwanafunzi wa Bruda huyo, alikimbia mita 800 kwa 1:40.91 London mwaka 2012. Utasema walifuata medali, si utulivu. Kweli, ila utulivu ndio uliotangulia.

Pingamizi lenye uzito ni muda. Katika mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, somo la P.E. lilikuwa kwenye ratiba lakini halikutahiniwa, basi kipindi chake kikamezwa na hesabu. Walimu wakuu wa Eldoret, kabla ya kubishania yoga ni ya nani, kirudisheni kipindi hicho.