Baridi ni hatari kwa injini ya ndege inayoteremka

WENGI hudhani kwamba rubani wa ndege ndogo nyepesi huhitaji kuchunga joto la injini anapopaa pekee. Hata hivyo, kuteremka nako kuna hatari yake, nayo ni baridi.

Mfano ni Rotax 582, injini ya mipigo miwili kutoka Austria, ambayo hupozwa kwa maji. Ikifanya kazi, maji hayo yanafaa kuwa kati ya nyuzi 65 na 80 za Selsiasi. Rubani akipunguza nguvu kabisa na kuteremka kwa muda mrefu, injini hupoa, themostati hujifunga, na maji yaliyomo ndani ya rejeta huzidi kupozwa na upepo.

Balaa huja anapoongeza nguvu ghafla, pengine kwa kuwa ng'ombe wameingia kiwanjani. Pistoni, ambayo ni ya alumini, hupata moto na kutanuka upesi. Themostati nayo hufunguka, maji baridi yakaizingira silinda, ikanywea. Pistoni hukwama na injini kuzima, huku ndege ikiwa karibu na ardhi.

Kinga yake si ngumu. Rubani aanze kuteremka mapema, abakishe nguvu kiasi, na mara kwa mara aiongeze kidogo ili injini isipoe, akitazama kipimo cha joto. Zaidi ya yote, asiondoke katika umbali unaomwezesha kufika kiwanjani salama hata injini ikizima.