Paladini na Dua Zake za Vita

Mhariri wa jarida letu aliponitaka niandike makala ya historia, nadhani alitaraji habari za machifu au za ujenzi wa reli. Mimi nimechagua mchezo. Wenzetu wanaokutana nyumbani kwangu kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanajua ni mchezo gani, maana wamekwisha kula korosho zangu na kuvunja viti viwili. Wengine wamesikia uvumi tu, kwamba ati watu wazima wenye wake na watoto hukaa mezani hadi usiku wa manane wakirusha dadu na kubishana juu ya mazimwi. Uvumi huo ni wa kweli. Lakini katika ubishi wetu mmoja nimeona jambo lenye historia ndefu kuliko mchezo wenyewe, nalo ndilo ninalotaka kulieleza.

Mchezo huo huitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, nao ulichapwa Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin huko Marekani, nakala 1,000 tu kwa mara ya kwanza. Mmoja wa wachezaji huwa msimulizi, na kila mwingine hushika mhusika wake: hueleza kwa mdomo mhusika huyo anafanya nini, na palipo na shaka dadu huamua. Mwanzoni aina za wahusika zilikuwa tatu tu, yaani mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwaka uliofuata, katika kitabu cha nyongeza kilichoitwa Greyhawk, akaongezwa paladini, mpiganaji mtakatifu.

Jina lenyewe ni la zamani sana. Latokana na neno la Kilatini lenye maana ya mtu wa ikulu, kwa sababu majumba ya makaisari wa Roma yalikuwa juu ya kilima cha Palatino. Kwa hiyo paladini wa kwanza alikuwa mtumishi wa serikali, habari ambayo mimi niliyekaa ofisini miaka ishirini nikigonga mihuri niliipokea kwa furaha. Baadaye washairi wa Ufaransa waliwapa jina hilo mashujaa wa Karolo Mkuu, na aliyetukuka kupita wote akawa Roland. Huyu alikuwa mtu kweli. Einhard, aliyeandika maisha ya Karolo katika karne ya 9, anamtaja miongoni mwa waliouawa mwaka 778 kikosi cha nyuma cha jeshi kiliposhambuliwa na Wabaski katika milima ya Pirenei. Ushairi uliotungwa kiasi cha miaka 300 baadaye uliwageuza Wabaski hao kuwa Waislamu wa Hispania, maana zama za vita vya msalaba zilikuwa zimewadia. Mezani petu karibu nusu ni Waislamu, na nilipowasimulia hayo walicheka sana, hasa kwa kuwa paladini wetu ni mmoja wao.

Katika ushairi huo Roland ana vitu viwili. Cha kwanza ni upanga, ambao katika mpini wake mmetiwa masalio ya watakatifu, likiwamo jino la Mtume Petro. Cha pili ni baragumu ya pembe ya ndovu, ambayo akiipuliza Karolo ataisikia na kurudi na jeshi zima. Rafiki yake Olivier anamsihi aipulize mapema. Roland anakataa, akiona ni aibu. Anapokubali, wenzake karibu wote wamekwisha kufa. Anaipuliza kwa nguvu hata mishipa ya kichwa inapasuka. Msomaji na aikumbuke baragumu hiyo.

Kutoka kwa Roland hadi mezani daraja lilikuwa riwaya ya Poul Anderson, Three Hearts and Three Lions, iliyotoka gazetini mwaka 1953 na kuwa kitabu mwaka 1961. Yahusu mhandisi wa Denmark anayejikuta katika nchi ya mazimwi na kugundua kuwa yeye ni mmoja wa paladini wa Karolo. Gygax aliisoma, na alipochapa orodha ya vitabu vilivyomwongoza, mwaka 1979, aliitaja.

Sasa tazameni masharti ya mwaka 1975. Paladini alitakiwa awe na haiba ya 17 au zaidi, na kwa kurusha dadu tatu jambo hilo hutokea mara moja katika mara 54. Alitakiwa atoe mali yote aliyoteka, isipokuwa ya kumtunza yeye na watu wake. Akitenda tendo moja la uasi, cheo kinaondoka moja kwa moja. Kitabu cha mwaka 1978 kilifafanua zaidi: fungu la kumi litolewe mara moja, kosa dogo liungamwe kwa kasisi na kufanyiwa kitubio, lakini atakayetenda uovu kwa kujua hubaki mpiganaji wa kawaida maisha yake yote. Kwa masharti hayo yote alipewa nini? Kuponya kwa kuwekea mikono mara moja kwa siku, kinga dhidi ya maradhi, na dua chache za kasisi, nazo zilianza katika daraja la 9, ambako wahusika wengi hawafiki kwa kuwa hufa njiani. Pigo takatifu, lile ambalo vijana wa leo hudhani ndilo paladini mwenyewe, halikuwapo kabisa. Alipiga kwa upanga kama wengine. Nguvu zake zilikuwa mwenendo wake, na hilo halimshangazi mtu wa kwetu, ambako dawa ya vita isiyo na mwiko haijapata kusikika.

Pigo lilikuja mwaka 2000, mchezo ulipotolewa upya na kampuni nyingine. Lilikuwa moja tu kwa siku, na lilikuwa na sharti ambalo mimi naliona ndilo zuri kuliko yote yaliyopata kuandikwa juu ya jambo hili. Paladini hutangaza pigo kabla ya kurusha dadu. Akimpiga asiye mwovu, pigo halina nguvu yoyote, na bado limekwisha tumika. Yaani ilimpasa kumjua adui yake kabla ya kuinua mkono.

Kitabu cha mwaka 2014 kilibadili mambo. Paladini hupewa akiba ya dua: mbili katika daraja la 2, sita afikapo la 5. Anapompata adui kwa upanga anaweza papo hapo kutoa dua moja kutoka katika akiba na kuongeza dadu mbili zenye pande nane, au zaidi ikiwa dua ni ya juu. Dhidi ya mashetani na wafu wanaotembea huongezewa dadu moja. Hatangazi mapema wala haulizwi kama adui ni mwovu. Afikapo daraja la 5 hupiga mara mbili katika zamu moja, na kila pigo laweza kubeba dua yake. Kiapo bado kimo kitabuni, ila adhabu ya kukivunja imeachwa mikononi mwa msimulizi.

Ubishi wetu ulizuka hapo. Paladini wetu, daraja la 5, alikutana na mbwa mwitu watano darajani. Mbwa mwitu! Katika zamu mbili alitoa dua nne, akishangilia kila dadu. Mbili zilizobaki alizimaliza langoni kwa walinzi ambao walikuwa tayari kujisalimisha. Alama 25 za kuponya kwa mikono alikuwa amezitumia kwa mikwaruzo yake mwenyewe. Jioni, ndani ya makaburi, likatokea lile pepo la mfalme aliyekufa ambalo tulikuwa tukilifuata miezi minane. Mganga wetu wa mimea, mhusika ambaye mwenzetu mmoja alikuwa amemlea kwa miaka miwili, akaanguka. Alama moja tu ya kuponya ingemwinua. Haikuwapo. Dadu ikarushwa mara ya tatu na akafa. Mwenye mhusika alitoka barazani, akakaa huko peke yake hata chai ikapoa.

Wenzetu wakagawanyika. Mmoja alisema kwa masharti ya 1978 paladini huyo angevuliwa cheo. Nilimpinga, ubadhirifu si uovu, na hata kasisi mkali asingepata la kumhukumu ila wale walinzi wa langoni. Mwingine alisema dawa ni kuweka akiba hadi mwisho. Nilimpinga huyo pia, na hapo ndipo nilipowakumbusha baragumu. Nimeona paladini wengi wakifa na dua zao zote mfukoni, wakingoja adui mkubwa zaidi ambaye hakutokea. Wengi hungoja dadu ya pande ishirini itoe 20 ili pigo liongezeke maradufu, na dadu hiyo hutoa 20 mara moja katika ishirini.

Halafu kuna dua ambazo hazipigi mtu. Baraka, kwa mfano, hugharimu akiba ileile, nayo huwaongezea wenzako watatu dadu ndogo ya pande nne katika kila jaribio la kupiga na la kujinusuru, muda wa dakika nzima. Kwa hesabu tupu ya majeraha, katika vita vifupi pigo hushinda. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi. Lakini pepo la makaburini halikutushinda kwa nguvu, lilitushinda kwa hofu. Watatu wetu walishindwa kujinusuru wakakimbia, mmoja kwa upungufu wa alama moja. Hakuna aliyemlaumu paladini kwa kukosa Baraka, kwa sababu Baraka ikifanya kazi hakuna anayeiona.

Mwaka 2024 kitabu kilitolewa upya, na pigo lenyewe likafanywa dua kama nyingine: mara moja tu kwa zamu, na mchawi hodari anaweza kulizima. Vijana wamelalamika sana. Mimi naona ni hatua ya kurudi nyuma kuelekea mahali pazuri, ingawa lile sharti la kumjua mwovu halijarudi. Mezani petu tumelirudisha wenyewe kwa kura, saba kwa mbili.

Mwenye mganga wa mimea alirudi baada ya miezi miwili, akiwa na mhusika mpya, mwizi. Paladini wetu sasa yuko daraja la 6. Tulipoachana mara ya mwisho alikuwa amebakiwa na dua moja, mbele yake mlango wa kuzimu, na nyuma yake mwizi huyo amelala chini anavuja damu. Tunaendelea Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi alasiri. Atakayekuja na aje na kiti chake.