Terunofuji: Yokozuna aliyeporomoka hadi chini na kupanda tena

WAHENGA walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Katika mieleka ya sumo nchini Japani, Terunofuji Haruo aliushuka mchongoma huo kwa machungu makubwa, kisha akaupanda tena hadi kileleni.

Terunofuji, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Gantulgyn Gan-Erdene, alizaliwa Novemba 29, 1991 mjini Ulaanbaatar, Mongolia. Alikwenda Japani akiwa na umri wa miaka 18 kusoma katika shule ya sekondari mkoani Tottori, na mwaka 2011 akaingia katika sumo ya kulipwa.

Kambi yake ya kwanza, Magaki, ilifungwa mwaka 2013. Akahamia kambi ya Isegahama, iliyokuwa chini ya bingwa wa zamani, Asahifuji.

Sumo ya kulipwa ina madaraja 6, na kila mwaka hufanyika mashindano makuu 6 ya siku 15 kila moja. Matokeo ya kila shindano ndiyo hupanga upya orodha ya ngazi: anayeshinda zaidi hupanda, anayeshindwa au kukosekana hushuka.

Wanamieleka wa madaraja mawili ya juu, makuuchi na juryo, ambao idadi yao ni 70, ndio pekee wanaolipwa mshahara. Walio chini yao huambulia posho, hulala katika chumba cha pamoja na huwatumikia wakubwa wao kambini.

Mwezi Mei 2015, Terunofuji alitwaa ubingwa wake wa kwanza wa daraja la juu na kupandishwa kuwa ozeki, ngazi ya pili kwa ukubwa. Akiwa na urefu wa sentimita 192 na nguvu za kumwinua mpinzani kwa kumshika mkanda, wengi walimtabiria kuwa yokozuna, ngazi ya juu kuliko zote.

Hata hivyo, Septemba mwaka huo aliumia goti, na tangu hapo magoti yake hayakupata nafuu ya kudumu. Machi 2017 aliingia siku ya mwisho akiongoza, lakini Kisenosato, aliyekuwa na jeraha la bega, alimshinda mara mbili siku hiyo na kuuchukua ubingwa.

Baadaye mwaka huo alipoteza cheo cha ozeki. Kisukari na maradhi ya ini yakaongezeka juu ya magoti mabovu, akafanyiwa upasuaji na kukosa mashindano manne mfululizo, kuanzia Julai 2018 hadi Januari 2019. Mshahara ukakoma.

Alimwomba mkuu wa kambi yake zaidi ya mara moja amruhusu kustaafu. Mkuu huyo alikataa, akimtaka kwanza atibu mwili wake.

Machi 2019 alirejea ulingoni akiwa ngazi ya 48 ya jonidan, daraja la pili kutoka chini, miongoni mwa vijana wanaoanza. Hakuna ozeki wa zamani aliyewahi kushuka umbali huo na kuendelea kupigana. Alishinda mapambano yake yote 7 ya ratiba, na safari ya kupanda ikaanza.

Januari 2020 alirudi juryo na kutwaa ubingwa wa daraja hilo. Julai mwaka huo, katika shindano lililohamishiwa Tokyo kutoka Nagoya kutokana na janga la corona, alirejea makuuchi akiwa katika ngazi ya mwisho kabisa ya daraja hilo. Alishinda mapambano 13 kati ya 15 na kuwa bingwa tena, miaka mitano baada ya taji lake la kwanza.

Alitwaa mataji mengine Machi na Mei 2021, na Julai mwaka huo akatangazwa yokozuna wa 73. Mwezi uliofuata alipata uraia wa Japani.

Yokozuna hashushwi ngazi kamwe. Akishindwa kutimiza wajibu wake, njia pekee iliyobaki kwake ni kustaafu. Kwa mtu aliyejengwa upya kutoka jonidan, hiyo ilimaanisha kwamba safari hii hapakuwa na kushuka na kuanza tena.

Hakuho Sho, Mmongolia mwenzake, alipostaafu Septemba 2021, Terunofuji alibaki yokozuna pekee kwa zaidi ya miaka mitatu. Magoti yalimlazimu kukosa mashindano mengi, lakini kila aliporejea alibaki tishio: Novemba 2021 alishinda mapambano yote 15, na Julai 2024 akatimiza taji la 10.

Alistaafu Januari 2025 akiwa na umri wa miaka 33. Juni mwaka huo alikabidhiwa uongozi wa Isegahama, kambi ile ile ambayo mkuu wake alikataa kumwacha aondoke.