Magonjwa ya mbwa na paka: Mengi yana dawa, kichaa kina chanjo tu

KATIKA kata ya Unyambwa, Manispaa ya Singida, kama ilivyo kwa wafugaji wengi nchini, mbwa hafugwi kwa mapambo. Mchana huandamana na mifugo machungani na usiku hulinda zizi. Paka naye hulinda ghala dhidi ya panya. Wanyama hao wanapougua, baadhi ya maradhi yao huwafikia watu, hasa watoto.

Minyoo huongoza. Mtoto wa mbwa huvimba tumbo, hukonda na manyoya yake hufifia. Fenbendazoli huua minyoo ya mviringo, na prazikwanteli huua tegu. Mbwa anayelishwa maini au mapafu mabichi yenye malengelenge ya maji hupata tegu mdogo ambaye mayai yake, binadamu akiyameza, husababisha uvimbe wenye maji katika ini au mapafu.

Kupe huambukiza magonjwa ya damu yanayoleta homa, ufizi kupauka na pengine mkojo mwekundu. Babesia hutibiwa kwa sindano ya imidokabu, na erlikia kwa vidonge vya doksisaiklini kwa wiki tatu hadi nne. Kwa kuwa dalili zake hufanana, kipimo cha damu ni muhimu.

Upele unaosababishwa na utitiri hutibiwa kwa ivermektini, kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mnyama. Parvo, inayowaharisha damu watoto wa mbwa, haina dawa ya kuua virusi vyake. Daktari hutoa maji ya mishipani ili kuokoa maisha, lakini kinga yake ni chanjo.

Tahadhari inahitajika kwa paka. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua, na dawa za kuogeshea ng'ombe zenye pemetrini ni sumu kwake.

Kichaa cha mbwa ndicho hatari kuliko vyote. Virusi vyake hupita katika mate. Mbwa hubadilika tabia, huuma ovyo, hudondosha mate, kisha hupooza na kufa. Wengine hunyong'onyea tu bila ukali. Dalili zikishajitokeza, kwa mnyama au kwa mtu, hakuna tiba.

Kwa sababu hiyo mbwa na paka huchanjwa wakiwa na umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, maambukizi hukatika.

Mtu aliyeumwa anatakiwa kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na kufika kituo cha afya siku hiyo hiyo ili aanze chanjo. Jeraha lisipakwe majivu wala dawa za kienyeji, na asisubiri kuona kama mbwa atakufa. Taarifa za mbwa huyo zipelekwe mapema kwa ofisa mifugo wa kata.