Sefu bin Hamed na Vita vya Kasongo

Kiswahili cha Lusangi, Kasongo na Kabambare kilifika Maniema na misafara ya pembe za ndovu, na mwenye misafara mikubwa kuliko yote alikuwa Hamed bin Muhammad el-Murjebi, yaani Tippu Tip. Utawala wa Utetela aliupata kwa kudai udugu: kwamba bibi yake alikuwa wa ukoo wa mzee Kasongo Rushie, akatekwa na kuuzwa. Mzee akasadiki, akamwachia nchi.

Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa liwali wa mfalme Leopold II wa Ubelgiji huko Stanley Falls, kwa mshahara. Mwaka 1890 akaanza safari ya kurudi Zanzibar, na Kasongo ikabaki mikononi mwa mwanawe, Sefu. Mara dola ya Leopold ikaanza kunyang'anya pembe, na mwaka 1892 Gongo Lutete, mtu wa nyumba yao, akahamia kwa Wabelgiji. Sefu alidai arudishwe. Kwake hiyo ilikuwa heshima ya baba iliyokanyagwa, akaingia vitani.

Novemba mwaka huo, De Bruyne, Mbelgiji aliyekuwa mateka wa Sefu, aliletwa ukingoni mwa Lomami azungumze na wenzake waliokuwa ng'ambo. Wakamuuliza kama anajua kuogelea. Anajua; bunduki zao zingemlinda akijitosa. Akakataa, kwa kuwa mkubwa wake, Lippens, alikuwa bado kifungoni Kasongo. Akarudi, na wote wawili wakauawa.

Kasongo ilitekwa tarehe 22 Aprili 1893. Washindi walikuta mashamba ya mpunga na miwa, michungwa, mikomamanga. Sefu angeweza kukimbilia pwani kwa baba yake. Alibaki, akaungana na Rumaliza wa Ujiji, akauawa vitani karibu na mto Luama Oktoba 1893. Kabambare ilianguka Januari 1894.

Uthabiti wake nauheshimu. Lakini pembe zilizoitajirisha nyumba ile zilibebwa na mateka, na waliokufa pande zote mbili wengi wao walikuwa watoto wa Maniema na Utetela. Heshima ya Murjebi waliilipia wao. Gongo Lutete naye hakufaidi: Septemba 1893 Wabelgiji aliowatumikia walimshtaki kwa uhaini, wakampiga risasi huko Ngandu. Mwaka 1895 askari waliokuwa wake waliasi huko Luluabourg.