Umeme wa Misuli na Muhogo Mchungu

Kaskazini Unguja muhogo huliwa sana, na Mkokotoni, penye soko la samaki, kitoweo chake hakiko mbali. Kitoweo hicho ni kinga pia, kwani protini ya samaki huusaidia mwili kuiondoa sumu ya sianidi iliyomo katika muhogo mchungu. Tarime, mwaka 1985, ukame uliwaacha watu na muhogo huo bila kitoweo cha maana, tena ukiandaliwa kwa haraka, na konzo ikazuka: miguu yote miwili ikakakamaa ghafla, moja kwa moja. Daktari Trolli alikwisha kuueleza ugonjwa huo Kongo mwaka 1938. Swali lililobaki lilikuwa zito: njia ya amri kutoka ubongoni hadi msulini imekatika wapi?

Daktari Charcot wa Paris, aliyeueleza ugonjwa wa neva za mwendo mwaka 1869, alilijibu swali la namna hiyo kwa kupasua maiti. Mwaka 1929 wanasayansi Adrian na Bronk walipata njia ya kumchunguza aliye hai: sindano nyembamba yenye waya ndani, inayonasa umeme wa msuli, ikiunganishwa na kipaza sauti. Msuli mzima ukitulia, huwa kimya. Uliopoteza neva yake hutoa vishindo vidogo vidogo, kama matone ya mvua juu ya bati. Wagonjwa wa konzo walipopimwa, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 1993, neva za chini zilionekana nzima, lakini ubongo uliposisimuliwa kwa sumaku, msuli haukujibu. Hitilafu ilikuwa juu. Naona hapo ndipo ilipo thamani ya vipimo vya namna hii: havitaji jina la ugonjwa, huonyesha mahali palipoharibika.

Atasema mtu kwamba konzo hutambuliwa kwa macho na nyundo ya goti. Ni kweli, na vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1996 havihitaji mashine. Lakini ugonjwa alioueleza Charcot hunyemelea, na sindano huweza kuugundua ndani ya msuli ambao bado una nguvu. Ndiyo maana wataalamu waliokutana Awaji, Japani, mwaka 2006 walikubali ushahidi wa sindano uhesabiwe sawa na dalili anazoziona daktari. Pingamizi la pili ni chungu zaidi: kwa nini kupima usichoweza kuponya? Kwa sababu yapo maradhi ya neva yanayofanana na ugonjwa huo wa Charcot na yanayotibika, na kumwacha mtu adhoofike kwa kufananishwa tu ni dhuluma. Mkaazi wa Mkokotoni ambaye mkono wake unakonda bila ganzi wala maumivu apewe rufaa mapema, asiambiwe ni uzee.